Konokono Wakarimu

Kazi yangu ni kulisha konokono. Nikisema hivyo kwenye sherehe za Watanzania hapa Stockholm watu hucheka, halafu wananingoja nitaje kazi yenyewe. Ndiyo hiyo. Nina chumba kizima cha matangi kwenye ghorofa ya chini ya chuo kikuu kimoja, maji ya uvuguvugu mwaka mzima hata theluji ikirundikana dirishani, na kila asubuhi nikishavua koti naanza kugawa majani ya saladi. Konokono wenyewe ni wadogo, bapa, wamejiviringa kama mkanda uliowekwa kabatini. Baadhi hawana rangi kabisa, na kwa kuwa damu yao ni nyekundu kama yetu, unaiona waziwazi chini ya gamba. Ni jamaa wa wale wanaoishi kwenye matete ya Ziwa Victoria, kisiwani nilikozaliwa, wale wanaobeba kichocho.

Mtafiti ninayemsaidia ni mama wa Kiswidi mwenye sauti ya chini na subira ambayo mimi sikujaliwa. Anafuatilia jambo moja: kwa nini kimelea cha kichocho kikiingia kwa konokono huyu kinauawa, na kikiingia kwa mwenzake wa tangi la pili kinakaa, kinazaana na kumtawala. Tunafuga koo mbili. Kwenye matangi zimeandikwa namba, lakini mimi sipendi kuita kiumbe namba, nimezipa majina. Ukoo wa kwanza nauita wabishi. Ukoo wa pili nauita wakarimu.

Mbishi hana mchezo. Ndani ya damu yake kuna chembe zinazozunguka mwili mzima bila kupumzika. Kimelea kichanga kikishapenya kwenye nyama yake, chembe hizo hukikimbilia, hukigusa, hutambua kwamba hiki si cha nyumba hii, na hukilalia moja juu ya nyingine mpaka kinakosa pa kutokea. Kisha hukimwagia sumu, inayofanana sana na ile dawa ya kusafishia kidonda inayotoa povu. Siku mbili hazipiti, mgeni ameshakufa na konokono anaendelea na saladi yake. Haya nimeyaona kwa hadubini. Ukimgusa konokono kwenye unyayo hujikunja kwa hofu na kuachia tone la damu. Tone hilo tunaliweka kwenye kioo pamoja na kimelea, tunakaa kutazama.

Kwa mkarimu chembe zinakuja vilevile. Zinafika, zinamgusa mgeni, zinamzunguka kidogo, halafu zinaondoka zao. Kimelea kimejipaka vitu vinavyofanana na vya mwenyeji, kwa hiyo zinakiona kama shemeji aliyekuja kusalimia. Baada ya hapo konokono hutaga mayai mengi kuliko kawaida, haraka haraka, kana kwamba mwili umeshajua kinachokuja. Kisha anakuwa tasa. Anachokula kinakwenda kwa mgeni. Wiki kadhaa baadaye ukimweka chini ya taa, wanatoka mwilini mwake viluwiluwi wadogo wenye mkia uliogawanyika, maelfu, wakitafuta ngozi ya mtu. Ndani ya mtu wanakua minyoo, minyoo inataga, mayai yanarudi majini na choo, na mzunguko unaanza upya.

Yote haya nayajua kama ninavyolijua jina langu, na ndiyo maana mwaka huu nimekaa roho juu tangu Julai mpaka majani yalipokwisha mitini.

Julai nilimpeleka binti yangu kwa bibi yake kwa mara ya kwanza. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu, amezaliwa hapa, amekulia Alby, kitongoji cha hapa Stockholm, kwenye maghorofa ambako ukipanda ngazi mpaka juu umeshanusa vyakula vya nchi nne. Baba yake tuliachana, anaishi Tumba, kwa hiyo nyumbani tuko wawili. Mimi nasema Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiswidi, na tumezoeana hivyo.

Mama yangu ana desturi yake, aliyoirithi kwa mama yake. Mtu wa damu yake akija nyumbani kwa mara ya kwanza, hahesabiwi kuwa amefika mpaka mama amemwogesha ziwani kwa mkono wake mwenyewe. Maji ya ndooni hayatoshi. Wajukuu wote waliozaliwa bara wamepitia hapo. Nilikuwa nimejipanga kuikwepa kwa adabu: nitasema mtoto ana mafua, nitasema yuko kwenye siku zake, nitasema lolote. Kitu kimoja nisingeweza kusema, nacho ni ukweli. Huwezi kumwambia mama, mbele ya mashangazi na majirani, kwamba maji aliyokuogeshea wewe hayamfai mwanao. Hapo unamwambia yeye mwenyewe ni mchafu.

Asubuhi ya pili niliamka nikakuta godoro la mtoto tupu. Nilitoka nje bila viatu. Walikuwa wanapanda njia kutoka ziwani, wawili tu, mama mbele na khanga mbichi ameifunga juu kabisa karibu na kifua, mikono yake imekonda kuliko nilivyoikumbuka, na nyuma yake binti yangu, misuko inachuruzika, amejifunga khanga ya bibi yake, anacheka. Walikuwa hawana lugha ya kutosha ya kuzungumza, wale wawili, lakini walikuwa wanacheka. Nilimvuta mtoto ndani nikaanza kumfuta kwa taulo kama mtu anayekwangua rangi ukutani, nikijua fika kwamba viluwiluwi wanahitaji dakika chache tu kupenya ngozi na kwamba taulo langu limechelewa.

"Unamfuta nini hivyo?" mama aliuliza mlangoni. "Maji hukauka yenyewe."

"Anasikia baridi, mama."

"Baridi, huyu wa kwenye barafu?" Mashangazi wakacheka. Mimi nikacheka nao, na tumbo likanikata kama linavyonikata mara kwa mara. Hapa Sweden huwa nalisingizia mkate mweusi, ambao sijawahi kuelewana nao. Kule nikalisingizia dagaa.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini ile niliibeba kwa siku zote zilizobaki, nikapanda nayo ndege. Siku tulipofika Alby, hata mabegi hatujafungua, nilimpigia mama simu. Nilisema niliyokuwa nimeyameza. Nilimwambia, "Mama, umemwogesha mwanangu kwenye minyoo."

Kuku walisikika nyuma yake. Kisha akasema, "Wewe nilikuogesha wapi?" na simu ikakatika. Mama alikuwa na kawaida ya kunipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili iliyofuata hakupiga, wala nyingine. Mimi nami sikupiga, maana nilijiona nina haki.

Daktari wa magonjwa ya kuambukiza alikuwa kijana mpole aliyevaa soksi mbili za rangi tofauti. Nilimweleza kila kitu kabla hajauliza: ziwa, saa, matete, aina ya konokono. Nikamwomba ampe mtoto dawa siku ileile. Akaniambia jambo ambalo nilikuwa nalijua na nilitaka anikanushie: vidonge vinaua minyoo iliyokomaa, havigusi michanga. Na vipimo vya mapema havionyeshi kitu, kwa sababu minyoo haijaanza kutaga na damu bado haijapata la kusema. Turudi Oktoba. Katikati hapo tuangalie homa, kikohozi, vipele, kwa sababu mtu mgeni kwa ugonjwa huu mwili wake hufanya ghasia kuliko mwenyeji.

"Na wewe, umewahi kutibiwa?" aliniuliza.

Nikamwambia kuhusu ubao. Nilipokuwa shule ya msingi walikuja watu wa afya na ubao mrefu wenye alama. Mtoto anasimama wima, anapimwa urefu, anapewa idadi ya vidonge kulingana na alama iliyofika utosini, pamoja na kikombe cha uji. Lakini kisiwani kulikuwa na uvumi kwamba vidonge vile vinafunga kizazi cha wasichana. Siku hiyo mama alinifungia jikoni nimenye mihogo. Niliwasikia wenzangu wakiimba kwenye foleni, nikalia kwa wivu wa uji. Binti yangu, aliyekaa pembeni akichezea simu, aliinua kichwa. Hadithi hiyo hakuwa ameisikia.

"Ungependa nikupime na wewe?" daktari akauliza.

Nikasema hatukuja kwa ajili yangu.

Basi tukaanza kungoja. Wiki ileile kazini tuliwapa konokono vimelea, kundi la wabishi na kundi la wakarimu, kila konokono kwenye kikombe chake. Hili halikupangwa na mtu, ilikuwa zamu ya kawaida ya jaribio, lakini kwangu ilikuwa kama kalenda mbili zilizotundikwa msumari mmoja. Asubuhi nilikuwa natazama kwa hadubini jinsi chembe za wabishi zinavyorundikana. Jioni nilikuwa natazama mikono ya binti yangu akila, nikitafuta kipele.

"Mamma, sluta," alikuwa akisema. Acha, mama. Lakini hakuvuta mkono.

Kibaya ni kwamba ujuzi wangu haukunisaidia, ulinipa tu picha. Mzazi mwingine angeogopa neno. Mimi niliogopa kitu chenye umbo, chenye mkia, ninachojua kinapita mapafu lini na kinafika ini lini. Akikohoa sebuleni nilikuwa nahesabu wiki. Akiacha chakula nilikuwa nakitazama kile kilichobaki kama ushahidi. Niliota mara mbili kwamba nimemweka chini ya taa.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni mama wa Kikongo kutoka Uvira, muuguzi katika nyumba ya wazee. Yeye na mimi tunaelewana kwa Kiswahili, ingawa chake na changu havikukulia mtaa mmoja. Alinikuta nimesimama chumba cha kufulia nguo, mashine imeshamaliza na mimi sijaifungua.

"Dada, weye unajichosha bure," alisema. "Ile ugonjwa iko na dawa. Kama anayo, atakunywa, itakwisha. C'est tout, ni hayo tu."

"Najua."

"Kama unajua, mbona unakonda?"

Alinifungulia mashine akanisaidia kutoa mashuka, na alipokuwa anayakunja akasema kwao watoto wote walikuwa nayo, hakuna aliyekuwa analia. Nilimkasirikia siku nzima kwa maneno hayo. Kwetu pia hakuna aliyekuwa analia. Ndiyo iliyokuwa shida yetu.

Septemba bosi wangu alikuwa na furaha ya kimyakimya, ile ya kugonga meza kwa kidole. Alikuwa na kundi la tatu, konokono wa ukoo wa wakarimu ambao walipewa kwanza vimelea dhaifu visivyoweza kuzaana, kisha baadaye vimelea kamili. Kwa hesabu zangu walitakiwa waingiliwe wote. Lakini wengi walisimama imara. Mara ya pili damu yao haikungoja hata chembe zifike, maji yenyewe ya damu yalikuwa na kitu kilichomshika mgeni na kummaliza. Konokono hana kumbukumbu ya kinga kama tuliyo nayo sisi, vitabu vilisema hivyo siku zote, na huyu hapa anakumbuka.

Nilimuuliza swali ambalo halikuwa la kazi. "Mtoto wa konokono anakumbuka alichokutana nacho mama yake?"

Alinitazama juu ya miwani. Alikuwa anajua habari za binti yangu, nilikuwa nimemwambia. "Hatujui vizuri bado," alisema. "Watu wameanza kuuliza." Kisha akanitengenezea kahawa, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Nililibeba lile swali kwenye treni ya mstari mwekundu mpaka nyumbani. Mimi nilikulia kwenye maji yale. Kama damu yangu ilijifunza chochote, huenda ilimnong'oneza binti yangu alipokuwa tumboni. Nilijiambia hivyo kila kituo. Mtu akiwa na hofu hukubali hata ushauri wa konokono.

Halafu homa ikaja. Muuguzi wa shule alinipigia niko katikati ya kubadilisha maji ya tangi, akasema mtoto ana joto kali na anatetemeka. Nilihesabu wiki tangu ziwa, zikaangukia palepale nilipokuwa naogopa. Nakumbuka nilitoka na glavu za kazi mkononi na sikuziona mpaka nilipotaka kupangusa macho ndani ya treni. Tulikwenda moja kwa moja hospitali. Yule daktari wa soksi alimchukua damu, akamsikiliza kifua, akarudi baada ya muda mrefu. Alisema chembe za damu ambazo hupanda minyoo ikiwapo hazijapanda. Shule nyingi zilikuwa na mafua ya msimu. Alikuwa anafikiri ni mafua. Lakini kwa uhakika, Oktoba.

Yalikuwa mafua. Siku ya tatu aliamka akaomba chapati. Nilizikaanga nikiwa nalia, naye akaja kusimama mlangoni mwa jiko, akaniuliza kwa Kiswidi, "Mama, nikiwa nao, utamchukia bibi?"

"Nani amekwambia namchukia bibi?"

"Hapigi tena."

Nilimwambia chapati zinapoa.

Mwishoni mwa Septemba wakarimu wangu waliwekwa chini ya taa. Nilikaa nikatazama maji ya vikombe yakichafuka taratibu kwa viluwiluwi. Kwenye vikombe vya wabishi maji yalibaki safi. Kwa macho ya kawaida huwezi kuwatofautisha, konokono mwenye maelfu na asiye na kitu. Wote wanatembea, wote wanakula. Mkarimu hata hula zaidi.

Oktoba ilifika na daktari akamchukua mtoto damu tena, akampa vikopo vya choo vya kupeleka maabara. Binti yangu alikataa katakata. Alisema yeye hawezi kupanda treni na kinyesi chake begini, akikutana na wenzake wa shule atahama nchi. Nilibembeleza, nikatishia, nikabembeleza tena. Mwishowe akaweka sharti.

"Nabeba yangu ukibeba yako."

"Yangu ya nini?"

"Ya kunisindikiza."

Nilimpigia daktari kuomba vikopo vingine, naye akasema alikuwa anangoja niombe. Asubuhi hiyo tulipanda treni Alby, mama na mwana, kila mmoja na mfuko wake wa chakula cha mchana ambao haukuwa na chakula cha mchana. Tulikaa tumenyooka kama watu wa kwaya. Karibu na mjini binti yangu alianza kucheka kwa pua, nami nikamfuata, tukacheka mpaka mzee wa mbele yetu akahamia kiti kingine. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Julai.

Daktari alipiga simu Alhamisi mchana, tuko nyumbani wawili kwa sababu shule zilikuwa na likizo ya vuli. Niliweka sauti ya nje. Alianza na mtoto: damu safi, choo safi, hakuna dalili yoyote kwamba kimelea kiliwahi kushika. Nilikaa chini sakafuni. Nilisema asante mara nyingi. Alikuwa bado anazungumza na mimi nasema asante, mpaka binti yangu akanishika bega akasema, "Mama, msikilize."

Kwenye kikopo changu walikuwa wameona mayai. Si mengi, daktari alisema. Minyoo ya zamani, kwa kuwa sijaingia majini tangu nihame. Inaweza kuishi miaka mingi. Nije kwa vidonge, na nipigwe picha ya ini kwa tahadhari. Aliuliza kama nina maumivu ya tumbo, uchovu. Nikafikiria mkate mweusi. Nikafikiria majira yote ya baridi ambayo nimelala jioni mapema nikilaumu giza la nchi hii.

Sikuogopa, hilo ndilo lililonishangaza. Woga wote nilikuwa nimeutumia. Nilihisi aibu, ya kijinga, kama mlinzi aliyekesha getini na mwizi yuko chumbani. Damu yangu iliwagusa, ikawazunguka, ikaondoka. Ningejiweka tangi la pili bila kusita.

"Kwa hiyo unao tangu lini?" binti yangu aliuliza baada ya simu.

"Tangu utoto. Tangu kabla yako."

Alifikiri. "Kwa hiyo tulikaa wote humo ndani. Mimi na wao."

"Ndiyo. Wewe ulitoka."

Alicheka kidogo, kisha akaacha.

Vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu kama nilivyokuwa nimesikia kwa wenzangu wa shule. Binti yangu ndiye aliyesimamia. Kwenye mwimo wa mlango wa jiko kuna alama za penseli za urefu wake tangu alipokuwa na miaka miwili, na alinisimamisha hapo, visigino ukutani, kitabu juu ya utosi, akachora alama yangu juu ya zake. Daktari alikuwa ameshapanga dozi kwa uzito, lakini binti yangu alisema lazima nipimwe kwa ubao, nilikosa zamu yangu. Alikuwa amepika uji. Ulikuwa na mabonge. Niliunywa wote.

Tukakaa mezani tukingoja kichefuchefu ambacho daktari alikiahidi. Ndipo mtoto alipouliza swali, kwa sauti ya kawaida, akikwangua sufuria.

"Mtu asipotibiwa kabisa inakuwaje? Akikaa nao mpaka uzeeni?"

Nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wanaotembelea maabara. Mayai mengine hayatoki, yanakwama kwenye ini. Mwili unayazungushia ukuta, kama konokono mbishi, lakini kwetu ule ukuta wenyewe ndio unaoumiza. Ini linakuwa gumu. Damu inakosa njia. Mtu anakonda mikono na miguu, halafu tumbo linajaa maji.

Aliweka kijiko chini. "Linajaa vipi?"

Nilimwonyesha kwa mikono.

"Bibi analo," alisema.

"Bibi ana nini?"

"Tumbo hilo. Nililiona alipovua khanga ziwani. Kama lako kwenye picha, ukiwa na mimi." Alinitazama. "Nilidhani ndivyo bibi wote wanavyokuwa."

Nilikumbuka khanga iliyofungwa juu karibu na kifua. Nilikumbuka mikono. Mezani kule kisiwani mama alikuwa anatugawia samaki na yeye anasema ameshashiba. Nilikuwa nimeyaona yote hayo, nikayapita kwenda kwenye misuko ya mtoto inayochuruzika.

Simu nilishindwa kuipiga. Nilitafuta jina la mama nikaliona, kidole kikakataa. Binti yangu aliichukua mkononi mwangu akabonyeza, akaweka sauti ya nje. Iliita sana.

"Bibi, shikamoo," alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Marahaba, mjukuu wangu." Sauti ya mama ilikuwa chini, kama ya mtu aliyeketi kitandani. "Unaumwa?"

"Siumwi, bibi. Nimepimwa. Mimi sina."

Tulimsikia akishusha pumzi ndefu. "Ahsante Mungu. Tangu siku ile silali. Mwambie mama yako basi asinikasirikie."

"Yuko hapa. Hakasiriki." Binti yangu alinitazama, akatafuta maneno. "Bibi, tumbo lako. Linauma?"

Hata kuku hawakusikika.

"Niliona," mtoto akasema. "Ziwani."

"Najua uliliona," mama alisema polepole. "Limejaa tangu masika. Nilipokuona unaliangalia nikasema, afadhali, huyu atamwambia mama yake, na mama yake ni mtu wa maabara. Siku ile aliponipigia, nilidhani amepiga kwa hilo."

Binti yangu alininyooshea simu.